Papa Shilingi na Sifongo: Tunapima kwa Mizani Ipi?

Ukimuuliza mtu wa Busia au Tororo ni nani bora kati ya papa na sifongo, huenda atacheka kwanza. Bahari iko mbali nasi. Mombasa iko zaidi ya kilomita 800 kutoka mpakani, na kinachotufikia kutoka huko ni chumvi, makontena na malori. Lakini nimelichagua swali hili kwa sababu hiyo hiyo. Mvuvi wa pwani ana maslahi yake kwa papa, na mkulima wa sifongo ana maslahi yake kwa sifongo. Sisi wa huku hatuna wavu wetu katika maji hayo. Tunaweza kuwa waamuzi wasio na ndugu uwanjani, tukajiuliza bila haraka: tunapowaweka viumbe wawili kando kwa kando na kusema huyu ni bora kuliko yule, tunapima nini hasa? Na mizani hiyo hiyo tukiigeuza iwapime watu, itatupa jibu tunaloweza kuishi nalo?

Katika insha hii nitadai kwamba kulinganisha si kosa, ila kuna kazi inayopaswa kutangulia, nayo ni kuhesabu. Kiumbe huhesabiwa kwanza kuwa yumo, kisha ndipo tunapouliza anatofautianaje na mwenzake. Tukianza na kulinganisha, tutaishia kumtoa nje aliyeshindwa.

Nianze na viumbe wenyewe. Papa ninayemzungumzia ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wataalamu humwita Rhincodon typus. Alielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1828, baada ya mmoja kuuawa kwa chusa katika ghuba ya Table Bay, Afrika Kusini. Watu wa Mafia humwita potwe, na katika pwani ya Kenya anajulikana kama papa shilingi. Husimuliwa kwamba Mungu alipomwona samaki huyu alifurahi mno, akamrushia shilingi za fedha mgongoni, nazo zikaganda pale. Ndiyo maana ana madoa meupe mwili mzima. Anaweza kupita urefu wa mita 12, yaani kuushinda urefu wa basi la abiria. Ana maelfu ya meno, lakini ni madogo mno na hayatumii kula. Hula kwa kufungua kinywa, kupitisha maji na kuchuja uduvi, mayai ya samaki na vijidudu vingine vinavyoelea.

Sifongo ninayemzungumzia ni yule wa kuogea. Anayejulikana zaidi ni Spongia officinalis, wa bahari ya Mediterania, ambaye watu wamejisugulia tangu enzi za Wagiriki wa kale. Sifongo wa kuogea hufugwa hata karibu nasi, katika kijiji cha Jambiani, Unguja, ambako wanawake huwatundika kwenye kamba ndani ya maji na kuwasafisha hadi wafikie ukubwa wa kuuzwa. Sifongo hana kichwa, hana moyo, hana ubongo, hana hata mshipa mmoja wa fahamu. Ana matundu. Maji huingia kwa matundu madogo, yakachujwa, yakatoka kwa matundu makubwa. Kwa siku moja anaweza kupitisha maji ambayo ni maelfu ya mara ya ujazo wa mwili wake, akila bakteria na chembe ndogo ambazo jicho letu halizioni.

Msomaji ameshaona jambo ambalo mimi pia lilinishangaza. Viumbe hawa wawili wanafanya kazi moja. Wote huishi kwa kuchuja maji. Tofauti ni kwamba mmoja huyafuata maji na mwingine huyangoja. Mmoja ana jina, hadithi na shilingi mgongoni. Mwingine tulimdhania kitambaa.

Sasa tuje kwenye mizani. Ya kwanza ni bei, na ndiyo iliyo karibu zaidi na mikono ya watu wa mpakani. Papa shilingi aliye hai huleta watalii Kilindoni, kisiwani Mafia, ambao hulipa ili wateremke majini kumtazama. Sifongo mmoja wa kuogea huuzwa mara moja, basi. Kwa mizani hii papa anashinda. Lakini hakuna anayejua udhaifu wa bei kuliko mtu aliyekulia Busia. Huku tuna shilingi mbili. Ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda, na wabadilishaji fedha huziita zote kwa jina moja. Gunia la vitunguu likivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, bei yake hubadilika, ilhali kitunguu hakijabadilika hata ganda. Bei hutueleza nani anataka kununua, wapi na leo. Haituelezi kitu chenyewe ni nini. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba kuna vitu vyenye bei, ambavyo vinaweza kubadilishwa na vingine, na kuna vilivyo na hadhi, ambavyo haviwezi. Yeye hadhi hiyo aliwapa wenye akili tu. Tutaona kama alikuwa na haki ya kuishia hapo.

Mizani ya pili ni mwendo. Sisi watu wa mpakani tunamheshimu anayekwenda. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa huku, kutokana na vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, na leo linatumika Afrika Mashariki nzima. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kampala huonekana mtu aliyeiona dunia. Mama anayeuza omena sokoni Sofia, aliyekaa kwenye kiti kile kile kwa miaka 20, husemwa kwamba "amekaa tu". Lakini mama huyo hakukaa tu. Mji mzima umepita mbele yake, naye amechagua, amepima, amekopesha na amelea watoto kwa kinachopita. Ameishi kama sifongo, na watoto wake wamesoma. Basi mwendo nao ni njia mojawapo tu ya kuishi. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Nadhani wangekubali pia kwamba asiyeruka si lazima awe mvivu.

Mizani ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili, nayo ni maumivu. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alidai kwamba linapokuja suala la wanyama, tusiulize kama wanafikiri au wanasema, tuulize kama wanaweza kuteseka. Peter Singer aliifufua hoja hiyo mwaka 1975, na wakati huo alipendekeza kwamba mstari wa wanaohisi maumivu huenda unapita mahali fulani kati ya kamba na chaza. Sifongo yuko chini kabisa ya mstari huo. Papa ana ubongo, macho na mishipa ya fahamu, na hutapatapa anaponaswa. Sifongo hana kiungo chochote ambacho sayansi inakijua kuwa cha kuhisi maumivu. Kumkata papa pezi akiwa hai na kumtupa majini ni ukatili. Kumkata sifongo vipande viwili si ukatili. Kipande kikitundikwa tena kwenye kamba hukua kikawa sifongo mzima, na ndivyo wakulima wanavyoongeza mavuno.

Mizani hii naikubali. Anayeweza kuumia anatudai tusimuumize, na deni hilo hatuwezi kuwa nalo kwa asiyeumia. Ila tuangalie inapima nini. Inapima deni la aina moja, deni la kutotesa. Mtu akitoka hapo akasema, "Kwa hiyo sifongo si kitu," ameruka hatua. Ni sawa na mtu aliyepima urefu wa meza kwa futi kamba, kisha akatangaza kwamba meza haina uzito kwa kuwa futi kamba haikuuonyesha.

Ili hoja hii isielee baharini tu, nitaileta nyumbani. Kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda kuna ardhi oevu ya Sio-Siteko, inayofuata mto Sio hadi karibu na Ziwa Viktoria. Mafunjo yaliyoota pale hufanya kazi ya sifongo. Maji yenye tope, mbolea na uchafu wa miji huingia kwa upande mmoja, hupunguzwa kasi, huacha mzigo wake kwenye mizizi na udongo, kisha huingia ziwani yakiwa na afadhali. Mafunjo hayahisi chochote. Hakuna anayeweza kuyahurumia kwa sababu yanalia. Na kwa kuwa hayalii, ni rahisi kuyafyeka ili kulima, na kuyachimba udongo wa matofali. Anayefanya hivyo mara nyingi ni mtu mwenye njaa, nami simlaumu kutoka kwenye kiti cha chuo. Lakini hesabu iliyomruhusu ilikuwa na kosa: ilimhesabu samaki, ikamhesabu mvuvi, ikaisahau bwawa lenye mafunjo kwa kuwa halina mdomo. Baharini nako mambo ni hayo. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza matumbawe ya Karibi walionyesha kwamba sifongo hunyonya uchafu ulioyeyuka majini, ambao wanyama wengi hawawezi kuula, na kuugeuza kuwa chembe ambazo wengine hula. Chakula hicho hupanda kutoka mdomo hadi mdomo. Mtazamaji humwona samaki, hamwoni aliyeandaa meza.

Hapa mpinzani wangu atasema: "Umebadilisha tu mizani. Umeacha maumivu, umechukua manufaa. Sifongo na mafunjo unawatetea kwa kuwa wanatusaidia." Pingamizi hili ni la haki, na ndilo linalonilazimisha nizungumze juu ya watu.

Nyanya yangu mzaa mama anaishi Tororo. Alipooza upande mmoja wa mwili miaka kadhaa iliyopita na maneno yakapotea. Mchana hukalishwa kibarazani, uso wake ukielekea Mwamba wa Tororo. Hatembei, hasemi, halimi, hauzi. Hatujui kwa hakika ni mangapi anayaelewa. Wageni wakija huulizia habari zake kwa kumwangalia mama yangu, kana kwamba aliyepo kibarazani ni kiti. Si watu wabaya. Wengine humletea sukari. Lakini tukichukua mizani zote nilizozitaja, kila moja inamshusha. Bei hana. Mwendo hana. Manufaa, kwa maana ya kazi, hana. Akili ambayo Kant aliifanya mlango wa hadhi, hatuwezi kuithibitisha. Maumivu anayo, hilo tunaliona anapogeuzwa kitandani. Ila nikimtetea kwa maumivu peke yake, nitakuwa nimesema kwamba siku akiwekewa dawa ya kutuliza asisikie lolote, atakuwa hanidai tena kitu. Hilo silikubali, na sidhani kama msomaji analikubali.

Mwezi Mei 2024 Uganda ilifanya sensa. Karani alifika nyumbani akauliza ni nani waliolala hapo usiku wa kuamkia sensa. Nyanya alihesabiwa mmoja. Mtoto mchanga wa jirani alihesabiwa mmoja. Waziri, popote alipokuwa, alihesabiwa mmoja. Maswali mengine yalifuata, ya umri, ya elimu, ya ulemavu, na hayo yalikuwa maswali ya kulinganisha. Serikali inayahitaji ili ijue nani anahitaji dawa na nani anahitaji shule. Ila yalikuja baada ya kuhesabiwa, wala hapakuwa na jibu ambalo lingemfanya karani aifute ile moja. Nadhani mpangilio wa fomu ile una busara kuliko hotuba nyingi za maadili nilizowahi kusikia.

Lugha yetu nayo ina busara ya namna hiyo, na kama mwanafunzi wa Kiswahili siwezi kuipita. Katika ngeli zetu, binadamu na wanyama wote huchukua upatanisho wa A-WA. Tunasema papa anaogelea, na tunasema mbu anaruka. Ukubwa wa mwili au wa ubongo hauulizwi. Na yapo majina yaliyovaa kiambishi cha vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kiboko. Ukiyatazama kwa sura ungedhani yatakwenda na KI-VI kama kiti na kijiko. Lakini hatusemi "kipofu kimefika". Tunasema kipofu amefika. Jina limemvisha vazi la kitu, kitenzi kikamrudishia nafasi yake. Anayetaka kumdhalilisha mtu analijua hili, ndiyo maana husema "kijitu hiki kimekuja". Tusi lenyewe limo katika kumnyima ile A.

Sifongo je? Dukani tunasema sifongo imechakaa, itupe. Tumemweka katika I-ZI pamoja na sabuni na ndoo. Nyingi za dukani ni za kiwandani, kwa hiyo hakuna kosa. Lakini hata yule wa baharini, aliyekuwa hai, tunamtaja vivyo hivyo. Katika insha hii nimemwandika kwa A-WA tangu mwanzo, na huenda baadhi ya wasomaji sikio limewawasha.

Nakubali kwamba sarufi si hoja. Mti una uhai nao uko U-I. Siwezi kuthibitisha haki ya kiumbe kwa kiambishi. Ninachosema ni kidogo zaidi: sarufi inatuonyesha kwamba inawezekana kuwa ndani bila kwanza kupangiwa nafasi. Mbu yumo katika A-WA, wala hakuna anayedhani kwamba tumesema mbu ni sawa na mtoto. Kuwemo ni jambo moja, kuwa sawa ni jambo jingine.

Historia ya sifongo inaliweka wazi hilo. Aristotle alimwona kama kiumbe aliye mpakani kati ya mimea na wanyama, na kwa karne nyingi wasomi waliendelea kubishana yuko upande gani. Mwaka 1825 Mskoti Robert Grant alimtazama kwa darubini akaona maji yakitoka kwa nguvu kwenye matundu yake, na polepole sifongo akakubaliwa kuwa mnyama. Siku ile sifongo hakubadilika. Kilichobadilika ni daftari letu. Sisi wa Busia tunaielewa hadithi hii vizuri. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili za mstari. Hawakuwa wamesogea. Mstari uliochorwa mezani ukawakuta walipo, ukawagawa, na mpaka leo wanavuka kuzikana na kuoana. Mtu aliyekulia kwenye mstari kama huo hujifunza kuuliza ni nani aliyeuchora na kwa faida ya nani. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Binadamu ndiye aliyeamba ngoma ya akili, mwendo na bei. Haishangazi kwamba imevutwa kwake, na ndani ya binadamu, imevutwa kwa mwenye nguvu.

Limebaki pingamizi moja la mwisho. Ikiwa wote wamehesabiwa, tutachaguaje pale ambapo lazima tuchague? Papa amenaswa wavuni na sifongo amekwama kwenye wavu huo huo, na una dakika moja. Nitamwokoa papa bila kusita, kwa sababu yeye anateseka na mwenzake hateseki. Muuguzi hospitalini humshughulikia kwanza anayevuja damu, na mwenye kuumwa jino hungoja. Aliyengoja hajaambiwa kwamba yeye si mtu. Ameambiwa kwamba saa hii mwenzake ana haja kubwa zaidi. Huo ndio ulinganisho halali: unaouliza kila mmoja anahitaji nini, na lini. Ulinganisho haramu ni ule unaouliza nani anastahili kuwepo. Kwa maneno ya kwanza nyanya yangu ni mtu anayehitaji kugeuzwa, kulishwa na kusemeshwa zaidi kuliko mimi. Kwa maneno ya pili ni mzigo. Mwili ni ule ule, kibaraza ni kile kile. Kilichotofautiana ni swali tulilotangulia nalo.

Kwa hiyo, ni nani bora kati ya papa shilingi na sifongo? Ukitaja jambo unalolipima, nitakujibu. Kwa ukubwa ni papa, kwa kusafisha maji mahali alipo ni sifongo, kwa kudai huruma yetu ni papa, kwa uvumilivu wa kukatwa na kuanza upya ni sifongo. Ukiniambia nijibu bila kutaja jambo lolote, nitakataa, kwa kuwa swali la namna hiyo halitafuti kujua, linatafuta ruhusa. Ndugu msomaji, ukija Busia au Tororo, na ukakaribishwa kwenye nyumba ambayo kibarazani kuna mtu asiyejibu salamu, msalimie yeye kwanza, kwa jina lake, kisha ndipo uulize habari zake kwa wengine.